Mwenzi wa mazoezi, kitendawili cha waendeshaji baiskeli za milimani Kitengela na Kajiado

KATIKA mbio za Cape Epic nchini Afrika Kusini, zilizoanzishwa mwaka 2004, waendeshaji baiskeli hujiandikisha wawili wawili. Huvuka milima ya Rasi ya Magharibi kwa siku nane mfululizo, na kanuni inawataka wasitengane kwa zaidi ya dakika mbili wakati wowote wa mashindano. Wanaoikiuka huadhibiwa kwa kuongezewa muda. Mmoja akishindwa kuendelea, aliyebaki anaweza kuimaliza safari, lakini timu yao haihesabiwi tena.

Dakika mbili ni muda mfupi mno. Mwendeshaji mwepesi huzipata kwenye mwinuko mmoja wa changarawe, mwenzake akiwa bado anatafuta gia ya kupandia.

Ndiyo sababu swali la kwanza kwa mkazi wa Kitengela, Isinya au mji wa Kajiado anayeota mbio za namna hiyo si baiskeli gani anunue. Swali ni nani atakayeamka naye saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miezi sita au zaidi, waende saa tano juani na kurudi nyumbani wakiwa bado wanasemezana.

Baiskeli hununuliwa, hata kwa mkopo. Njia za vumbi zimejaa tele. Mtu wa kwenda naye ndiye adimu.

Mbio zenyewe

Mchezo wa baiskeli za milimani ulizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana wa Kaunti ya Marin walipoanza kushindana kuteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za kizamani walizozifanyia ukarabati wenyewe. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yanayotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990. Mwaka 1996 mchezo huo ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta.

Mbio za Olimpiki huendeshwa kwenye mzunguko mfupi na humalizika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mbio za masafa marefu, ambazo UCI huziita marathoni, ni za kilomita 60 hadi 160 kwa siku moja. Juu ya hizo kuna mbio za hatua, ambazo humtaka mshiriki alale, ale, aamke na maumivu yake, kisha apande tena baiskeli siku inayofuata.

Kenya nayo ina zake. Mashindano ya 10to4, yanayofanyika kwenye miteremko ya Mlima Kenya, huchangia fedha za uhifadhi kupitia shirika la Mount Kenya Trust. Tangu Juni 2021 pamekuwapo pia Migration Gravel Race, mbio za takriban kilomita 650 kwa siku nne katika eneo la Maasai Mara. Mbio hizi za pili, kusema kweli, ni za baiskeli za changarawe, zenye usukani uliopinda na tairi jembamba kidogo. Hata hivyo maandalizi yake hayatofautiani sana na ya baiskeli za milimani, na miiba ya Mara haiulizi mtu amekuja na baiskeli ya aina gani.

Walivyofanya wengine

Mfano ulio karibu zaidi na Kitengela uko Kikuyu, upande wa pili wa jiji la Nairobi. Katika kijiji cha Mai-a-Ihii, David Kinjah, aliyewahi kusajiliwa na timu ya kulipwa ya Italia, aliwakusanya vijana chini ya jina la Safari Simbaz. Vijana hao hujifunza kurekebisha baiskeli, kula vizuri na kuendesha kwa kundi.

Miongoni mwa waliopitia hapo ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujiunga na kundi hilo akiwa mtoto wa umri wa miaka kumi na miwili hivi. Alifuatana na wenzake wakubwa kwenye njia za vumbi za nyanda za juu kwa baiskeli ya milimani, muda mrefu kabla ya kushinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Habari za Froome husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni za kipaji cha mtu mmoja. Kinachosahaulika ni kwamba miaka ile ya utotoni daima palikuwa na mtu mbele yake aliyetaka kumfikia, na mtu huyohuyo alimsubiri kilele cha mlima.

Kule Iten, mpigapicha Nicholas Leong kutoka Singapore alitaka kuthibitisha kwamba nchi inayozaa wakimbiaji bora inaweza pia kuzaa waendeshaji baiskeli. Mwaka 2008 aliwapeleka Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, hadi Ufaransa kupanda mlima maarufu wa Alpe d'Huez na kupimwa muda. Mradi huo ukawa msingi wa timu ya Kenyan Riders.

Rwanda ilifuata njia hiyohiyo kwa mpango mkubwa zaidi. Tom Ritchey, mmoja wa waasisi wa baiskeli za milimani kule California, alivutiwa na nchi hiyo baada ya kuizuru mwaka 2005. Kocha Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akaja kuwafunza vijana wake. Adrien Niyonshuti alishiriki mbio za baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Nathan Byukusenge akafuata Rio de Janeiro mwaka 2016. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Jambo moja linaunganisha Kikuyu, Iten na Rwanda. Kote huko palikuwa na mahali, nyumba au uwanja wenye zana na chungu cha chakula, ambapo waendeshaji walikutana kila siku bila kuhitaji kupigiana simu. Mazoezi ya pamoja yalikuwa sehemu ya maisha yao, wala hayakuhitaji kupangwa upya kila wiki.

Timu ya Amani, inayowajumuisha waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda, ilijengwa kwa fikra hiyo. Nahodha wake alikuwa Suleiman Kangangi, aliyejulikana na wengi kama Sule, mshindi wa nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017. Kangangi alifariki Agosti 27, 2022, baada ya kuanguka katika mbio za Vermont Overland nchini Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kifo chake kiliwakumbusha waendeshaji wa kanda hii kwamba hata nahodha mwenye uzoefu, katika mbio zilizoandaliwa, anaweza asirudi nyumbani.

Tambarare inayozidi kufungwa

Mkazi wa Kitengela mara nyingi hana nyumba ya mazoezi wala kocha. Huanza na alichonacho, na alichonacho kwanza ni ardhi.

Kutoka Kitengela barabara kuu ya Namanga hupita Kisaju na Isinya kabla ya kufika mji wa Kajiado, mwendo wa takriban kilomita 50. Isinya iko katikati ya safari hiyo, na hapo hutoka barabara nyingine inayokwenda Kiserian chini ya vilima vya Ngong. Mji wa Kajiado umekaa juu kidogo ya Kitengela, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kimo hicho kinafaa sana kwa kujenga pumzi.

Kuiendesha barabara ya Namanga kwenyewe ni jambo lingine. Ni njia ya malori ya mpakani, malori ya saruji kutoka Athi River na magari ya mawe ya machimbo, na ukingo wake si mahali pa kufanyia mazoezi ya kasi. Wenye busara huitumia kwa vipande vifupi tu, asubuhi na mapema, na kuiacha mara wanapoipata njia ya kando. Kuelekea Kajiado ziko njia za ng'ombe, njia za kuhudumia nguzo za umeme, na zile zinazofuata reli ya Magadi iliyokamilika mwaka 1915.

Miaka thelathini iliyopita mtu angeweza kuvuka nyanda za Kaputiei kwa kufuata pua yake. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa kwa wanachama mwishoni mwa miaka ya 1980, sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje ikapitishwa mwaka 1990 na kuleta ajira Athi River, na watu wakamiminika. Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabu mji wa Kitengela kuwa na wakazi 154,436. Nyaya zikafuata. Njia iliyokuwa wazi Januari huenda ikawa na lango Machi, na mwenye shamba ana haki ya kulifunga.

Hali hii inahusiana na suala la mwenzi kuliko inavyodhaniwa. Anayeijua njia ya wiki hii ni yule anayeipita kila siku, si anayeitazama kwenye ramani ya simu. Mwendeshaji aliyelelewa Isinya au Kajiado, anayemjua mzee wa boma na kuweza kumsalimu kwa Kimaasai, huwafungulia wenzake malango ambayo mgeni angeyaona yamefungwa daima.

Udongo mweusi wa nyanda hizo ni somo pekee. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza gurudumu la mbele. Mvua ya masika ikinyesha hugeuka gundi, hujaa kati ya tairi na fremu, na baiskeli ya kilo 12 hubebwa begani ikiwa na uzito karibu maradufu. Waendeshaji wawili husaidiana kukwangua matope. Aliye peke yake hutembea.

Kuna miiba ya migunga, ambayo hutoboa tairi la bei ghali sawasawa na la bei nafuu. Kuna jua, na upepo usio na mti wa kuukinga. Katika upepo kama huo mwenzi huwa nguvu ya ziada, kwani anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake kwenye tambarare huokoa takriban robo ya nguvu zake mwendo ukifikia kilomita 40 kwa saa. Mwendo ukipungua faida hiyo nayo hupungua, lakini haiishi.

Kuna pia wanyama. Kitengela imepakana na upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambao hauna ua, na simba hutoka. Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita waliokuwa wameshambulia mifugo. Machi 30, 2016, simba dume aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi na askari wa wanyamapori huko Isinya baada ya kumjeruhi mtu. Matukio hayo si ya kila mwaka, na mwendeshaji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukimbizwa na mbwa wa boma. Hata hivyo, kupita peke yako kando ya mbuga kabla ya mapambazuko au baada ya magharibi ni kujitafutia balaa.

Mbwa akija, inafaa kushuka, kuiweka baiskeli katikati na kutembea polepole. Wakiwa wawili, mmoja humwita mwenye boma.

Pa kumtafutia

Wengi huanzia kwenye simu. Makundi ya WhatsApp ya waendeshaji yameenea Nairobi na viunga vyake, na programu kama Strava, iliyoanza mwaka 2009, humwonyesha mtu nani amepita njia ileile na kwa muda gani. Njia hiyo ina manufaa yake, ila ina kasoro mbili. Humwonyesha mwenye simu nzuri na kumficha asiye nayo, tena humfanya mtu amchague mwenzi kwa kasi peke yake. Ipo na hatari ya tatu: mwenye kuianika njia yake ya kila siku, pamoja na mlango anaotokea, huwaambia na wezi.

Mahali bora zaidi ni kwa fundi wa baiskeli. Fundi humjua kila mtu anayemaliza mnyororo kabla ya wakati wake, na anayemaliza mnyororo ndiye anayeendesha. Mteja anayeleta baiskeli safi kila baada ya miezi sita huenda akawa mtu mwema, lakini hatafika Kajiado.

Wapo pia wanaoendesha baiskeli kwa sababu ya kazi: walinzi, mafundi wa ujenzi na wafanyakazi wa viwandani wanaokwenda Athi River na kurudi kila siku kwa baiskeli za chuma aina ya Black Mamba au za mitumba. Mtu anayesukuma chuma cha kilo 20 kwa kilomita 30 kwa siku, mvua na jua, ana msingi ambao mwenye ofisi Nairobi angeulipia fedha nyingi. Timu kadhaa za Afrika Mashariki zilianza kwa kuwatazama watu wa namna hiyo.

Hapa ndipo suala linapokuwa gumu, wala haifai kulizungukazunguka. Baiskeli ya mashindano hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na ada ya mbio za kimataifa inaweza kuzidi mshahara wa mlinzi wa miezi mingi. Urafiki wa mazoezi kati ya mwenye nacho na asiye nacho huvunjika mara nyingi kwa sababu hakuna aliyesema mapema nani atanunua tairi. Yafaa yasemwe siku ya kwanza: nani atalipia vipuri, nani atalipia chakula cha njiani, na mwenye kibarua akikosa siku ya kazi kwa ajili ya mazoezi atafidiwaje. Mwenye baiskeli mbili akiazima moja, iandikwe kuwa ni ya kuazima au ni ya kupewa. Kuandikiana si kukosa imani.

Wakimbiaji nao wasisahaulike. Mkimbiaji aliyeumia goti na kushauriwa kupumzisha miguu huwa na mapafu tayari na nidhamu ya kuamka. Anachokosa ni ustadi wa kuteremka, na huo hufundishika kwa wiki chache kwenye mteremko mfupi, kiti kikiwa kimeshushwa.

Kwa wanawake hesabu ni nyingine. Mwanamke anayetafuta mwenzi wa kwenda naye saa tano porini hawezi kumwamini mtu kwa picha ya simu. Desturi inayofaa ni kuanza na kundi la watu watatu au zaidi kwenye njia yenye watu, kuwaachia jamaa majina na namba za wote, na kutokubali kubadilishiwa njia katikati ya safari. Kundi linaloona masharti hayo kuwa usumbufu halifai.

Kumpima na kupimwa

Kosa la kawaida ni kumtafuta aliye na nguvu kuliko wote. Mwendeshaji anayemzidi mwenzake kwa mbali hatamfaa mashindanoni, kwa maana timu ya wawili hufika kwa kasi ya aliye dhaifu, na katika mazoezi huwaharibu wote. Mmoja huchoka kupita kiasi kila wiki, mwingine hupoa akisubiri.

Sehemu kubwa ya mazoezi ya masafa marefu huwa ya polepole, kwa kasi inayomruhusu mtu kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kipimo hicho hakihitaji saa wala mkanda wa kupimia mapigo ya moyo. Ikiwa mmoja anasimulia habari za jirani na mwingine anajibu kwa neno mojamoja, kasi si ya wote wawili.

Tofauti ndogo hutibika. Kwenye tambarare mwenye nguvu hukaa mbele na kukata upepo. Kwenye mwinuko humwachia aliye dhaifu apange mwendo, naye hubeba maji na zana. Kwenye mteremko hutangulia mwenye ustadi, na mwingine huacha nafasi ya kutosha kuona njia, kwani vumbi la Kajiado huficha mawe. Mazoezi ya kasi, kama vile kupanda kilima kimoja mara sita kwa dakika nne kila mara, hufanywa siku ya katikati ya wiki, kila mtu kwa uwezo wake, wakakutana chini.

Kinachowatenganisha watu zaidi ni mambo madogo. Mmoja hufika saa kumi na mbili kamili, mwingine saa kumi na mbili na nusu akidai ndiyo anatoka. Mmoja hawezi kwenda Jumapili kwa sababu ya ibada, mwingine Jumapili ndiyo siku yake pekee ya mapumziko. Mmoja akitobokewa na tairi hukaa kimya na kuziba, mwingine hulaumu barabara, serikali na aliyeichagua njia. Haya hayaonekani kwenye takwimu za simu. Huonekana saa ya nne, maji yakiwa yamekwisha.

Kwa hiyo safari ya majaribio isiwe fupi. Kilomita 30 kila mtu huzimaliza akitabasamu.

Kabla ya kuondoka

Kabla ya kuondoka kila mmoja awe na zana zake kamili, asimtegemee mwenzake: tyubu mbili, pampu, viraka, kiungo cha mnyororo na kisu. Maji yawe ya kutosha nusu lita au zaidi kwa saa, na joto likipanda yaongezwe. Kati ya barabara kuu na reli kuna sehemu ndefu zisizo na duka, na kisima cha boma ni cha mifugo kwanza. Mwenye kuomba maji hapo aombe kwa adabu na achukue kidogo, hasa mwaka wa ukame.

Mtu mmoja aliyebaki nyumbani ajue njia iliyokusudiwa na saa ya kurudi, na ajue afanye nini saa hiyo ikipita. Mtandao wa simu hukatika mabondeni. Wenzi wawili wakubaliane kwamba mmoja akivunjika mfupa, mwingine hamwachi mpaka amemweka kivulini, amempa maji, na ameandika au kukariri mahali alipo. Ndipo aende kutafuta msaada. Kofia ngumu huvaliwa hata kwenye njia iliyonyooka.

Wakati wa mvua, makorongo yanayoonekana makavu asubuhi yanaweza kujaa adhuhuri kwa mvua iliyonyesha mbali. Kuvuka maji yanayotembea huku mtu ameshika baiskeli ni kosa, hata yakiwa ya magotini. Afadhali kukaa ng'ambo na kuchelewa chakula cha jioni.

Ikitokea kwamba mwenzi hafai, ni heri kuachana mapema. Wengi huona haya, wakavumiliana hadi mwezi wa mashindano, ada ikiwa imelipwa na majina yamekwisha kuandikwa. Kuambiana baada ya safari ya pili kwamba saa zetu hazilingani hakuvunji heshima. Wanaoachana hivyo mara nyingi hubaki wakikutana kwa fundi na kupashana habari za malango mapya.

Wanaoona kwamba wanafaana huwekeana jaribio la siku mbili, majuma kumi au zaidi kabla ya mbio. Jumamosi huondoka Kitengela kwa njia za vumbi hadi Kajiado, wakalala huko. Jumapili hurudi kwa njia nyingine, wakipanda tena na miguu iliyochoka, kila mmoja akiwa na saa mkononi. Kila kilima kinapokwisha, aliyetangulia husimama na kuhesabu dakika mpaka mwenzake atokee, wala hasemi hesabu hiyo mpaka wafike Isinya. Hapo, juu ya chai na chapati, huwekeana hesabu zote mezani na kuamua iwapo watajiandikisha.